Gari la Zamani na Asubuhi za Baridi

Haya ni mazungumzo niliyoyatoa kwenye kikao chetu cha chai cha Jumamosi. Kwa kuwa wengi mlikuwa kazini siku hiyo, nimeombwa niyaandike. Nimeyaacha karibu kama nilivyoyasema.



Najua mnanijua kama mtu wa makaratasi: fomu za nyumba, barua za Home Office, Universal Credit. Leo nitasema habari ya gari, tena gari la zamani lenye kabureta, lile ambalo asubuhi ya baridi linakohoa tu na kukataa kuwaka. Mambo haya sikuyasoma chuoni. Nimeyapata kwa mzee mmoja ambaye ameketi pale nyuma karibu na hita, naye ameniruhusu nisimulie kisa chake mradi nisimtaje jina.

Mzee huyu alikuwa fundi Uvira kwa zaidi ya miaka 20. Land Rover, Peugeot 504, Toyota za zamani, zote zimepita mikononi mwake. Alipofika Birmingham, mama mmoja mjane anayesali naye kanisa moja alimpa gari la marehemu mumewe, Mini ya mwaka 1983. Gari zuri, limetunzwa, kiti cha nyuma kama hakijawahi kukaliwa. Mzee alishapata leseni ya hapa, akalipa bima, akapata kazi ya ghala kupitia ejensi. Zamu ilianza saa 12 asubuhi, na hakukuwa na basi la kumfikisha saa hiyo. Kwa hiyo kazi ile ilitegemea Mini.

Septemba na Oktoba mambo yalikwenda sawa. Ikaja asubuhi ya kwanza ya barafu. Stata ikazungusha injini kivivu, mara mbili, mara tatu, basi. Mzee akafika kazini amechelewa saa nzima. Akanunua betri mpya. Wiki iliyofuata, baridi ikarudi, gari likafanya vilevile. Akakopa pesa kwa ndugu mmoja, akanunua stata, akaifunga mwenyewe usiku pale mtaani, mtoto wake akimshikia tochi. Baridi ya tatu, gari likakataa tena. Nadhani mnajua ejensi zilivyo: hakuna aliyemwambia amefukuzwa, ila simu haikulia tena.

Mimi nilikwenda kwake kwa ajili ya fomu ya Universal Credit, maana kipato kilikuwa kimekatika. Nilimkuta nje na kijana wa vyuma chakavu, anampa paundi 250 kwa gari zima. Mzee alikuwa karibu kukubali. Aliniambia, "Mwanangu, hili gari limenishinda. Miaka yote ile sijashindwa na gari." Hapo ndipo nilipoelewa kuwa jambo lenyewe halikuwa pesa tu.

Kabla ya kukubali bei, aliniomba nikae kwenye usukani niwashe, yeye aangalie injini kwa mara ya mwisho. Nikavuta kishikio cha choki. Kilikuwa kigumu, kikatoka nusu. Nikageuza ufunguo. Kivivu, kivivu, kimya. Mara ya pili. Mara ya tatu nikashika tena kishikio kile nikaruka: kile kijiti chake cha chuma kilikuwa cha moto. Vioo vina barafu, pumzi yangu inatoka kama moshi, na choki inachoma vidole. Nikasema, "Mzee, mbona hiki kinachoma?" Alikuja, akakigusa, akanusa harufu ya plastiki iliyoungua, akacheka peke yake. "Masi," akasema. "Ni masi!"

Masi ndilo neno letu Wakongo. Ndugu wa Tanzania na Kenya wataita ethi. Ni ule mkanda wa waya uliosukwa unaounganisha injini na bodi ya gari. Injini imekalia mipira, haigusani vizuri na bodi, na umeme wa stata lazima urudi kwenye betri kwa kupitia mkanda huo. Wa Mini ile ulikuwa umeoza, umebaki nyuzi chache tu. Barabara za hapa hunyunyiziwa chumvi kila baridi ili barafu isishike, na chumvi hiyo hula chuma na waya. Basi umeme ulipokosa njia yake, ulitafuta nyingine: ulirudi kupitia waya wa choki. Waya mwembamba hauwezi kubeba mzigo wa stata, ukapata moto, plastiki ya ndani ikayeyuka, choki ikakwama. Kwa hiyo gari lilikuwa na magonjwa mawili kwa sababu moja. Stata haina nguvu, na choki haifanyi kazi. Betri ilikuwa nzima. Stata ilikuwa nzima. Mkanda mpya wa masi haukufika paundi 10, na waya wa choki uliongeza kidogo tu.

Kwa nini halikugoma Septemba? Kwa sababu injini ikiwa na joto ni nyepesi kuzungusha. Nyuzi zile chache zilitosha. Baridi inafanya mambo matatu kwa pamoja: mafuta ya injini yanakuwa mazito, betri inapungua nguvu, na petroli haigeuki kuwa mvuke kirahisi. Hili la tatu ndilo sisi wa kando ya Tanganyika hatukuwahi kulifikiria. Fua shati Uvira asubuhi, mchana umelivaa. Lianike hapa Januari, jioni bado linadondosha maji. Petroli nayo ni hivyo. Ndani ya injini yenye baridi, sehemu kubwa ya petroli inabaki matone, inashikamana na kuta za bomba, na matone hayashiki moto, unaowaka ni mvuke. Hivyo injini inahitaji petroli nyingi kuliko kawaida kwa dakika chache za kwanza. Kazi hiyo ndiyo ya choki. Kwetu magari mengi yalikuwa na choki iliyofungwa kwa waya au iliyong'olewa kabisa, na hakuna aliyeikumbuka.

Kuna jambo jingine lililompoteza mzee, nalo linahusu mji huu wenyewe. Kabureta alizozizoea zina kibati juu, kwenye mdomo wa hewa, na ukivuta choki kibati kinafunga. Yeye alifungua chujio la hewa la Mini, akatazama, hakuona kibati. Akasema gari hili choki yake imeondolewa, kama kule kwetu. Kumbe kabureta ya Mini ile ni ya aina ya SU, na SU haina kibati. Ukivuta choki, kijibomba cha petroli kilicho chini ya kabureta kinashuka kidogo, kinaachana na sindano iliyo ndani yake, na petroli inapita zaidi. Ili uione inavyofanya kazi unatakiwa uinamie chini ya kabureta, mwenzako akivuta kishikio. Kikishuka na kupanda, choki ni nzima. Kikikaa palepale, waya umekatika, umeteleza au umekwama. Kikishuka kisirudi, utaona moshi mweusi na petroli itakwisha kabla hujafika popote.

SU ni kifupi cha Skinners Union. Waliibuni ndugu wa familia ya Skinner mwanzoni mwa karne ya 20, na familia hiyo ilikuwa ya wauza viatu. Kabureta zao za kwanza zilikuwa na mfuko wa ngozi ndani. Baadaye kampuni ikanunuliwa na Morris, ikahamia hapa Birmingham, kule Adderley Park, halafu Erdington. Mini zenyewe ziliundwa Longbridge hadi mwaka 2000. Vifaa vya umeme vilitoka kwa Lucas, Great King Street, pale Hockley. Nawaambia hivi kwa sababu wazee wengi Waingereza wa mji huu walifanya kazi katika viwanda hivyo. Ukifungua boneti ya gari kama hili mtaani kwako, kuna uwezekano mzee mmoja atatoka nyumbani kwake bila kuitwa. Mkaribishe. Hata kama Kiingereza chako ni kidogo, mikono itaelewana.

Sasa turudi kwako wewe. Gari lako halikubali kuwaka asubuhi. Usinunue kitu bado. Sikiliza kwanza.

Geuza ufunguo. Je, stata inazungusha injini haraka, kivivu, inagonga tu mara moja, au kimya kabisa? Kama ni haraka, betri na masi viachie, tatizo liko kwenye petroli au moto wa plagi. Kama ni kivivu, fanya jaribio la mzee, halina gharama. Chukua waya mmoja mnene kati ya zile mbili za kuazima moto kwenye gari la jirani. Ubane upande mmoja kwenye chuma safi cha injini, upande wa pili kwenye chuma safi cha bodi, kisha jaribu tena. Stata ikiamka ghafla, ni masi. Isipobadilika, angalia vichwa vya betri, hasa ule unga mweupe au wa kijani, visafishe na uvikaze. Betri ya Mini iko nyuma kwenye buti, wengine huitafuta mbele hadi wanachoka. Baada ya hapo ndipo umwazie jirani moto, na baada ya hapo tena ndipo ufikirie kununua. Na unapojaribu kuwasha, kanyaga klachi hadi mwisho, ili stata isizungushe na giaboksi pia.

Stata inazungusha vizuri lakini hakuna dalili ya kuwaka? Nusa. Kama kuna harufu kali ya petroli, injini imelewa. Rudisha choki yote ndani, kanyaga eksileta hadi chini uishikilie hapohapo bila kupampu, zungusha kwa sekunde 10, pumzisha stata nusu dakika, rudia. Kama hakuna harufu yoyote, fungua plagi moja uitazame. Ikiwa kavu, petroli haifiki: choki, pampu ya mafuta, au gari limekaa wiki nzima na petroli iliyokuwa kwenye kabureta imekauka, hapo zungusha kidogo zaidi na subira. Ikiwa imelowa, petroli ipo, moto ndio haupo.

Na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu Birmingham inajua unyevu kuliko baridi kali. Katika Mini, distributa, kile kikofia cheusi chenye nyaya za plagi, imekaa mbele kabisa, nyuma tu ya grili. Mvua ikipigwa na upepo inaingia moja kwa moja. Maji yakishika kwenye kikofia au kwenye nyaya, umeme unatorokea kwenye maji badala ya kufika kwenye plagi. Toa kikofia, kifute ndani na nje kwa kitambaa kikavu, futa nyaya zote, pulizia dawa ya kufukuza maji kama WD-40, ikauke, ndipo uwashe. Waingereza wa zamani walivisha distributa glavu ya mpira ya kuoshea vyombo, wakatoboa vidole vyake kupitisha nyaya. Mzee alicheka nilipomweleza, lakini siku hizi Mini yake ina glavu ya njano.

Tabia ya kupampu eksileta kabla ya kuwasha, wengi wetu tunayo. Kwenye Peugeot 504 ilikuwa na maana, kwa sababu kabureta ile inamwaga petroli kidogo kila ukikanyaga. SU haina pampu hiyo, kwa hiyo unapampu hewa. Kwenye gari jingine lenye kabureta yenye pampu, ukizidisha utalilewesha. Jua kwanza unashughulika na kabureta ya aina gani.

Kuna ugonjwa mmoja zaidi unaowachanganya watu. Gari linawaka vizuri, unaendesha maili mbili tatu, linakosa nguvu na kuzima. Unasubiri dakika 10, linawaka kama hakuna kilichotokea. Hiyo ni barafu inayojitengeneza ndani ya kabureta. Petroli inapogeuka mvuke inanyonya joto, na siku ya unyevu, hata kama nje hakujafika sifuri, maji ya hewani yanaganda kwenye koo la kabureta. Ukisimama, joto la injini linaiyeyusha. Kwa Mini nyingi, mdomo wa boksi la chujio la hewa unaweza kugeuzwa uelekee ekzosti wakati wa baridi, ili ivute hewa yenye joto. Ni kazi ya dakika chache.

Mambo ambayo sitaki kusikia umeyafanya. Usimimine petroli kwenye mdomo wa kabureta huku mwenzako anawasha. Injini ikirudisha moto, utaungua uso. Nimeona kovu la namna hiyo kwa mtu ninayemheshimu. Usipashe gari ndani ya gereji iliyofungwa, hata kwa dakika tano. Moshi wa ekzosti una kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu ya kukuonya, na gari lenye choki iliyovutwa linaitoa kwa wingi. Usiache gari linanguruma mtaani ukarudi ndani kunywa chai: sheria hairuhusu, mwizi anakuona, na bima inaweza kukataa kulipa kama ufunguo ulikuwa ndani. Na maji ya radieta: kwetu tulitia maji ya bomba, basi. Hapa maji matupu yataganda usiku, yatavimba, yatapasua injini. Tia mchanganyiko wenye dawa ya kuzuia kuganda, kabla ya Novemba. Mafuta ya injini vilevile. Yale mazito ya SAE 40 yaache. Mini inatumia 20W-50, na mafuta hayo hayo ndiyo yanayolainisha giaboksi, kwa hiyo usiyacheleweshe.

Petroli yenyewe imebadilika pia. Tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida hapa ni E10, ina hadi asilimia 10 ya ethanoli. Ethanoli inavuta maji na inakula mipira ya kabureta za zamani. Gari lenye kabureta litie E5, ile inayoandikwa Super kwenye pampu. Ni ghali zaidi, lakini ni nafuu kuliko kabureta.

Nisiposema habari ya sheria mtasema nimesahau kazi yangu. Leseni ya Kongo, Burundi, Tanzania au Kenya inakuruhusu kuendesha hapa miezi 12 tu tangu uanze kuishi nchini. Baada ya hapo lazima uwe na leseni ya muda ya mwanafunzi na ufanye mtihani. Ukikamatwa bila bima, faini ya papohapo ni paundi 300 na pointi 6, na gari wanaweza kulichukua. Kwa aliyefaulu mtihani chini ya miaka 2 iliyopita, pointi 6 zinamfutia leseni. Gari lenye miaka zaidi ya 40, kama la mzee, halidaiwi MOT ya kila mwaka mradi halijabadilishwa sana, na ushuru wa barabara ni bure, ila ushuru huo lazima uombe ubadilishiwe uwe wa gari la kihistoria. Usipoomba, hawatakukumbusha.

Ombi hilo lina faida ya pili. Tangu tarehe 1 Juni 2021, katikati ya jiji, ndani ya barabara ya mzunguko ya A4540, kuna eneo la hewa safi. Gari la petroli lisilofikia kiwango cha Euro 4 hulipa paundi 8 kwa siku, na hakuna la kabureta linalokifikia. Usipolipa, faini ni paundi 120, nusu yake ukilipa ndani ya siku 14. Nimeshika mikononi mwangu barua za faini hizo za watu waliodhani ni matangazo. Gari lenye ushuru wa kihistoria halilipi. Lakini ndugu mwenye Fiesta ya 1989 analipa kila anapoingia, kwa hiyo kabla hujanunua gari kwa sababu ni la bei rahisi, fikiria njia yako ya kwenda kazini inapita wapi.

Na bei. Yule kijana wa vyuma alijua alichokuwa anakitazama. Mini za zamani zinatafutwa sana hapa, watu wanazikarabati na kuzipenda kama watoto. Iliyotunzwa kama ile inauzwa kwa maelfu ya paundi. Ukipewa gari la zamani na mtu mwema, usiliuze kwa mtu wa kwanza anayepita mtaani. Njoo ofisini, tutazame bei pamoja kwenye simu.

Kuhusu kazi: baada ya kisa hiki nimewaomba watu wangu wote wa zamu za alfajiri waniambie mapema. Kuna ambao tumewatafutia mwenzao wa kupanda naye gari moja. Mzee hakurudi kwenye ghala lile. Alipata kazi nyingine mwezi wa pili, zamu ya mchana, na deni la stata amelimaliza. Stata ya zamani, ambayo haikuwa na kosa lolote, bado iko chini ya kitanda chake.

Mwisho wa kikao watu wengi walimuuliza kama wanaweza kuleta magari yao Jumamosi ijayo ayatazame. Alijibu hapana. Ukiliendesha hadi hapa litakuwa limeshapata moto, na ugonjwa wa baridi hautaonekana. Acha jina la mtaa wako na namba ya simu kwa dada wa mapokezi, na jioni usiliguse gari. Yeye atakuja kwako asubuhi, kabla hujaliwasha. Andaa tochi, kitambaa kikavu, na chai ya moto yenye tangawizi, hiyo ndiyo malipo yake.